Sikuweka Kidole

Leo karani wa benki hapa Thika amenisukumia wino wa kuweka alama ya kidole hata kabla sijamwambia jina langu!

Na mnajua, wasichana wenzangu, sharti la shule yetu ya Ruiru: usipofaulu somo la pesa na kufungua akiba yako mwenyewe, hupati cheti cha darasa la nane.

Nikamwambia, "Nipe kalamu."

Akacheka. "Msichana wa kuchuma kahawa aandike nini? Mwite baba yako aje atie sahihi."

Ngai, Mungu wangu! Foleni nzima ikageuka kunitazama.

Baba, ambaye hajui kuandika, alikuwa nyuma yangu. Akanyoosha kidole gumba.

"Huo wino ni wangu mimi, karani. Huyu mpe kalamu."

Nimeandika jina lote, hadi likavuka mstari wa fomu.

Wasichana wa Ruiru, mkija kesho, msikubali kuchafuliwa vidole.