Zulia Chini ya Dirisha la Maktaba

Baridi ya Maskati si baridi ya kutisha, lakini maktaba niliyofanya kazi miaka ya tisini ilikuwa imejengwa kwa kuhofia joto tu. Sakafu ilikuwa ya marumaru, na marumaru ikapanda mpaka nusu ya kuta. Kiangazi watu walijaa kwa sababu ya ubaridi wa viyoyozi. Ikifika Disemba viyoyozi vile vile viliendelea kupuliza, kwani mtambo ulikuwa mmoja kwa jengo zima, na ghorofa ya juu kulikuwa na kompyuta zisizotakiwa kupata joto. Sisi wafanyakazi tulivaa makoti. Msomaji akiingia, alichukua kitabu chake akaondoka.

Mama yangu alikuwa mwalimu Unguja kabla hatujahamia Omani. Alipofariki baba, alibaki nyumbani kwetu Sib, pembeni ya Maskati, mbele ya televisheni, sauti imezimwa. Kiarabu chake kilikuwa cha dukani na cha kusalimiana, hakikumtosha kusomea. Nikafikiri, labda nikipata pembe moja ya maktaba ikawa na joto, mama atatoka nyumbani.

Nilimwendea mudiri wetu, mkubwa wa maktaba, kijana mpole asiyependa matatizo.

"Fanya," aliniambia. "Ila hita sitaki. Vitabu vikishika moto nitaulizwa mimi."

Basi nilichukua zulia la sebuleni kwetu nikalitandika chini ya dirisha linalopata jua la asubuhi. Tundu la kiyoyozi lililokuwa juu yake nililiziba kwa boksi. Nikaweka mito, na chupa ya chai ya maziwa yenye tangawizi. Vitabu vya Kiswahili maktaba haikuwa navyo hata kimoja, kwa hiyo mama alikuja na vyake, vile vilivyosafiri naye sandukuni kutoka Unguja.

Jumatano ya kwanza walikuja majirani zetu watatu, watu wazima wenziwe mama waliotoka Unguja kama sisi, wakakaa wamejifunika shali. Mama akaanza kusoma kwa sauti ndogo, kama anaomba radhi. Pakapita mwanamke wa Kikenya, muuguzi, aliyekuja kutafuta kitabu cha Kiingereza. Akasimama.

"Mwalimu, naweza kuketi hapa?" aliuliza. Sijui alijuaje kwamba ni mwalimu.

"Karibu mwanangu, jongea kwenye jua. Miguu yako baridi hiyo, naiona."

Muuguzi akavua viatu akapanda zuliani. Tangu hapo sauti ya mama ikafunguka. Alisoma, akasimama kuwauliza maana ya neno, akamkosoa jirani yetu mmoja, wakacheka. Nilikuwa mezani kwangu nikigonga mihuri, na nilikuwa sijamsikia mama akicheka tangu msibani.

Tulipata Jumatano chache za namna hiyo. Halafu siku moja mwanamume mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, mtu wa heshima zake, alikuja mezani kwangu. Hakugomba. Alisema kwa Kiarabu, kwa sauti ya kawaida tu, na chumba kile kilikuwa kimya:

"Hawa nao, miaka yote hii wako hapa, hawajajifunza lugha tu?"

Kiarabu cha kiasi hicho mama alikielewa. Nilimwona anaweka kidole kwenye mstari aliokuwa akiusoma, akautazama, kisha akafunga kitabu. Nilimjibu yule bwana kwamba hapa ni pahala pa watu wote. Akasema hakukusudia ubaya, na nadhani alisema kweli.

Garini nilimwambia mama asimjali.

"Nnamjali kwa nini? Kasema lililopo," akajibu. "Nipeleke nyumbani, nna kazi."

Hakuwa na kazi yoyote.

Jumatano iliyofuata alisema kichwa kinamuuma, na iliyofuata tena hakutoa sababu. Majirani hawakuja bila yeye. Muuguzi alikuja peke yake, akakaa zuliani, akanywa chai.

"Mwalimu haji?"

"Hajambo sana, lakini haji."

Alingoja mpaka jua lilipoondoka dirishani, akavaa viatu vyake. Baadaye nilisikia mkataba wake umekwisha amerudi kwao.

Mwaka uliofuata nilitandika tena. Watoto wa skuli waliruka juu ya mito mara mbili tatu, na kijana mmoja alilala pale mpaka adhuhuri. Akaja mudiri mwengine, akasema zulia linakusanya vumbi, na mafundi wakaliondoa boksi kwenye tundu la kiyoyozi. Sikubisha. Nilikuwa nimechoka kungoja mtu aingie.

Kitu ambacho sikukitarajia kilitokea nyumbani. Mama alianza kutujibu kwa Kiarabu. Ukimsemesha Kiswahili, anakujibu Kiarabu chake kibovu, anatafuta neno, analikosa, ananyamaza. Watoto wangu walimcheka mwanzo, nikawakemea. Nilimwomba, "Mama, sema na mimi kama zamani." Akanitazama kama mtu aliyeombwa kitu asichokuwa nacho.

Kadiri miaka ilivyokwenda, maneno yake yalipungua mpaka yakabaki ya chakula, maji na dawa. Katika ugonjwa wake wa mwisho nilikaa naye kila siku, nikimsimulia habari za Unguja kwa Kiswahili. Alinisikiliza, nadhani. Nilipomuuliza anataka nini, aliniambia "mai," maji, kama wanavyosema Waarabu wa hapa.