Mkono Nyuma ya Pazia

Nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, bwana wa chanjo ya ndui alikaa kwenye daka, ukumbi wa mlangoni, nasi wanawake tukakaa ndani nyuma ya pazia. Kila mmoja alipenyeza mkono kwa zamu yake. Mwanamume asiye wa jamaa hakuwa na ruhusa ya kuona nyuso, kwa hiyo alichanja mikono tu.

Zamu ya mama ilipofika, akarudi nyuma. Aliogopa kile kisu kuliko ndui yenyewe. Bibi, mamake, alikuwa ameshachanjwa mkono wa kushoto. Akamsogeza mama kando, akapenyeza wa kulia.

"Wataka cheti tu hao, mwanangu," alinong'ona. "Ndui Mola ataiepusha."

"Wanawake wa nyumba hii mmekonda!" akasema yule bwana. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Bila cheti tusingepanda meli kwenda Lamu kwenye matanga ya shangazi. Dada yangu, mja mzito, tulimwacha na bibi. Mkono wangu ulivimba, ukatunga usaha, ukaacha kovu. Wa mama ulibaki laini.

Wakati wa kurudi, mwanamke aliyelala karibu nasi melini alishikwa na homa. Mama, kwa huruma zake, alimkanda kichwa na kumfuta jasho kwa leso yake. Tulipofika Mombasa daktari akamfunua uso, umejaa vipele. Akaamuru wasiochanjwa watengwe. Mama akatoa cheti, tukapitishwa. Njia nzima niliogopa hata kumshika buibui.

Bibi alitupokea mlangoni na kitoto kichanga mikononi. Dada alikuwa amejifungua.

"Mpokee mjukuu wako!"

Mama akarudi nyuma mpaka ukuta wa pili wa kichochoro, akaficha mikono ndani ya buibui.

"Usinijongelee, mama. Melini mlikuwa na ndui, nami nimemshika mgonjwa. Sikuchanjwa, wajua. Nionyeshe uso wake tu, nirudi kwa daktari."

Bibi akamwinua mtoto juu. Leso ikamteleza bibi mabegani, nikayaona makovu yake mawili, la kushoto na la kulia.

La kulia lilikuwa la mama.

Mama alimtazama mtoto kwa muda, kisha akashika njia ya bandarini peke yake.