Viatu Vyenye Misumari

Harufu ya gundi ya viatu niliijua kabla sijajua mambo mengi. Hata hapa Durban, nikipita mjini pale vijana wanaposhona viatu kando ya barabara, pua yangu inasimama kwanza, miguu baadaye. Marehemu Papa alikuwa fundi wa viatu kule Lubumbashi, mtaa wa Kamalondo. Sisi watoto wake tulikula, tukalala na tukasali ndani ya harufu ile. Ndiyo maana kiatu kikiingia nyumbani kwangu nakigeuza nitazame chini. Juu watu wanapaka rangi. Chini hawapaki.

Basi alasiri moja mjukuu wangu Neema alirudi na viatu vipya kutoka kwenye ngoma yake ya Kihispania. Alikuwa na miaka kumi na moja. Mama yake, binti yangu, anasuka nywele saluni mjini, kwa hiyo mtoto alikuwa mikononi mwangu, katika fleti yetu ya Berea. Ngoma hiyo walifundishwa katika ukumbi jirani, na mwalimu alikuwa mama wa Kizulu, Miss Nomvula. Watu walisema alicheza miaka mingi huko Hispania kwenyewe, mpaka goti likamkatalia, na sasa anawatungia wengine hatua za ngoma. Mimi sikuwa na haraka ya kuamini. Mwalimu Mzulu, ngoma ya Wahispania, mtoto wa Kikongo. Nilijiuliza nani kamwita nani.

Nikavigeuza vile viatu. Kwenye ncha na kwenye kisigino, misumari midogo imejaa kama ufuta juu ya mkate.

Nikakaa kitini.

"Kambo, kuna nini?" aliniuliza; kwetu Lubumbashi bibi ndiye kambo.

"Nani mwingine amepewa hivi?"

"Wote, Kambo. Ni vya kupigia sauti."

Nilivifunga ndani ya kitenge, nikamwambia haendi tena. Alilia sana, maana onyesho lilikuwa Jumamosi ile. "Eish, Kambo, mimi ndiye wa katikati." Nikamjibu kwamba mwenye nia mbaya humwona kwanza aliye katikati.

Msinihukumu bado. Nilishawahi kuviona viatu vya namna ile.

Nilikuwa na umri kama wa Neema alipokuja kwa Papa mama mmoja wa kizungu, Madame Consuelo, Mhispania, ambaye mume wake alikuwa na duka la vitambaa mjini. Hakuwa kijana tena. Shingo ndefu, mgongo umenyooka, na alitembea kama anayegombana na sakafu. Alitaka Papa amgongomelee misumari midogo chini ya viatu, mingi, karibu karibu. Papa aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Wiki iliyofuata akaleta jozi nyingine, kisha nyingine, saizi mbalimbali, za wanaume na za wanawake. Na nyumbani kwake, kila mtu alijua, walikaa yeye na mume wake tu.

Mama ndiye aliyeanza. "Viatu iko hapa," akamwambia Papa. "Wenyewe wako wapi?"

Papa alikuwa na misumari mdomoni, hakujibu. Mama akauhesabu ule ukimya kuwa jibu.

Maneno yalitoka nje ya ua, sijui kwa mlango gani. Wateja wakaanza kuja kuchukua viatu vyao kabla havijashonwa. Mmoja alisema wazi kwamba hataki kiatu chake kilale rafu moja na vile. Msumari ndani ya kiatu cha mtu asiyeonekana! Kwetu hakuna aliyehitaji maelezo zaidi ya hayo. Kibanda cha Papa ndicho kilichotulisha, na siku baada ya siku rafu ilibaki na viatu vya Madame peke yake. Mama akasema virudi kwao. Nikatumwa mimi.

Nyuma ya lile duka kulikuwa na gereji, na humo mlikuwa na kishindo kama cha watu wengi. Mlango ulikuwa wazi nusu. Nikachungulia. Walitandika mbao chini, na juu ya mbao viatu vimepangwa jozi jozi, vimesimama kama watu kwenye misa, hakuna hata kimoja chenye mguu. Madame Consuelo alikuwa anapita katikati yao, anapiga visigino, anapiga makofi. Mara akasimama, akanyoosha kidole kwa jozi moja, akaigombeza kwa lugha yake. Jozi nyingine aliinamia akaigeuza kidogo kuelekea dirishani, kisha akainuka na kuitabasamia. Hakutazama viatu. Alitabasamu huku juu, pale ambapo uso ungekuwa.

Nikauweka mzigo chini nikakimbia. Nilimweleza Mama nilichoona, na nilichoona kilikuwa kweli.

Siku chache baadaye Madame alikuja mwenyewe, jozi moja mkononi. Papa akamwambia misumari imekwisha. Kopo la misumari lilikuwa wazi kati yao. Alilitazama, akasema merci, akaondoka. Haikupita muda duka likafungwa, wakahama. Wateja wakarudi. Mama akasema, mnaona.

Sasa nami, mwanamke mzima wa Durban, nikabeba kitenge changu mpaka ukumbini. Wasichana walikuwa wamesimama tayari. Nikamwambia Miss Nomvula, kwa Kiingereza changu cha sokoni, kwamba Neema amemaliza. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Hakubishana. Alivipokea viatu, akachechemea mpaka katikati, akaviweka chini pamoja, akavigeuza kidogo kuelekea dirishani. Akapiga makofi. Wasichana wakaanza kucheza, wakivizunguka bila kuvigusa.

Nikamsogelea. "Unafanya nini na viatu vya mtoto wangu?"

"Gogo, hapo ni mahali pake," alisema polepole ili nimwelewe, akiniita bibi kwa Kizulu. "Nikipaacha wazi, wenzake watapaziba. Akirudi hatakuwa na pa kusimama."

Akaniambia hata akitunga peke yake nyumbani hupanga viatu sebuleni, jozi moja kwa kila msichana, na kuwagombeza. Alicheka. Mimi sikucheka. Nilitafuta kiti.

Miaka yote ile nilijua kwamba Madame Consuelo alicheza na wafu. Kumbe alikuwa na watu wake mahali fulani, wamebaki Hispania au hawajapatikana bado, naye aliwatunzia nafasi juu ya mbao za gereji. Papa alikuwa anamtengenezea watu hao, jozi kwa jozi, bila kujua. Kama walikuja kusimama ndani ya viatu vyao, hakuna wa kuniambia sasa.

Nikatoa simu, nikamwambia Neema avae soksi aje, na pale kwenye robot, taa za barabarani, asiwaamini madereva. Miss Nomvula bado nilikuwa sijamwelewa vizuri. Nilivuta kiti changu karibu na mlango, mkoba magotini, nikavikazia macho vile viatu mpaka miguu ilipoingia.