Mahali na Mahari

Miaka ile ya hali ya hatari, barua zetu sisi vibarua wa shamba la kahawa pale Ruiru zilisomwa ofisini kabla ya kutumwa. Bwana wa shamba hakujua Kikuyu, kwa hivyo tuliandika Kiswahili, lugha ambayo nyumbani kwetu sote tulichechemea kwayo. Mwenye kujua zaidi alikuwa dada yangu mkubwa. Mwenye kujisifu zaidi nilikuwa mimi.

Mwaka huo dada alipata nafasi katika shule ya bweni ya wasichana. Karatasi ya shule ilikuwa kali kama askari: kila msichana aje na sanduku na blanketi, na asiyefika siku ya kufungua, nafasi yake apewe mwingine. Kaka yetu, aliyefanya kazi kiwandani Thika, alikuwa ameahidi kwamba dada akipata mahali, sanduku na blanketi ni juu yake. Ilibaki kumjulisha tu. Baba hangeweza kwenda mwenyewe, maana bila pasi ya serikali hukuvuka hata mto.

Akaniita. Dada alikuwa kahawani akichuma. Ningengoja jioni aandike mwenyewe, lakini nani angenyang'anywa kalamu akiwa na kiburi changu?

"Andika," Baba akasema. "Dada yako amepata mahari. Njoo upesi kabla hajaenda."

Ulimi wetu haubagui herufi l na r. Mwalimu alikuwa amenichapa kwa kosa hilo hilo, lakini niliandika nilivyosikia: mahari. Baba akaniamuru nimsomee. Nikasoma kwa sauti, naye akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwa sauti yetu, kosa lile halikusikika.

Kaka alifika siku moja kabla ya shule kufunguliwa, amebeba sukari na leso nyekundu.

"Ngai! Hata hamkuniambia ni nani ameleta mbuzi!" akasema mlangoni, akicheka.

"Mbuzi gani?" Baba akauliza.

Dada hakuuliza habari za mbuzi. Alitazama nyuma ya kaka, akauliza, "Sanduku liko wapi?"

Kaka akatoa barua mfukoni. Dada akaisoma, akanipa mimi. Laiti angenipiga! Pesa zote zilikuwa zimeishia kwenye ile leso. Asubuhi Baba, kwa pasi aliyopewa kwa ajili ya shule, alimpeleka dada na nguo zake ndani ya gunia la kahawa. Wakarudishwa langoni, na dada akarudi kuchuma.

Watu waliniambia nilikuwa mtoto. Ni kweli. Lakini mtoto huyo alikuwa ameshachapwa kwa neno hilo, na alijua.

Kabla miaka mingi haijapita, mbuzi wa dada wakaja kweli. Wazee wakataka waandikwe, ili wakwe wasije wakagombana kesho kuhusu nani alileta nini, na nikaitwa tena na kalamu. Nilikuwa nimeinama juu ya karatasi, nimeandika neno la kwanza tu pale juu, dada alipopita akigawa uji. Akasimama nyuma yangu, akasoma.

"Leo umepatia," akaninong'oneza, akaniwekea kibuyu changu, akaendelea kugawa.