Filimbi Chini ya Mlima Liru

Madina wa Koboko aliipata kazi ya ukufunzi msaidizi bila kuiomba, na tangu siku ya kwanza aliidharau waziwazi. Shirika moja la vijana lilikuwa likichukua wanafunzi wa Arua na Koboko wakati wa likizo, likiwapeleka porini chini ya mlima Liru. Huko walilala kwenye mahema, wakavuka vijito kwa kamba na kutafuta njia kwa dira, ili eti wapate moyo wa ujasiri. Mkufunzi mkuu alikuwa Mwalimu Obeti, mtu wa Ayivu, aliyesomea mambo hayo Kenya na kurudi na buti nyekundu na kofia pana ya turubai. Wazazi walikataa katakata mabinti wao walale nje na mwanamume peke yake. Ikabidi atafutwe mwanamke mzima wa kukaa nao, ndipo akaitwa Madina, binti wa askari, asiye na mume wala subira.

Yeye kulala porini kulikuwa kumemtosha. Serikali ilipoanguka mwaka 1979 na vita vikaifuata Koboko, alikimbilia mpaka wa Sudani pamoja na umati wa watu. Alikula mizizi asiyoijua jina, akanywa maji ya nyayo za ng'ombe, akaishi kambini mpaka ujana ukamwishia huko. Sasa ilikuwa miaka ya tisini, na hapa palepale alipokimbia akilia, watoto walioshiba wanapiga makofi kwa sababu wamewasha moto kwa njiti moja ya kiberiti!

"Mutu iko na nyumba, iko na kitanda, nakuja lala inje," alisema mbele ya Obeti bila kupunguza sauti. "Hii ni masomo gani, Mwalimu?"

"Ni masomo ya kujiamini, dada," Obeti akajibu kwa upole, na upole huo ndio uliomchefua Madina zaidi. Debe tupu haliachi kuvuma, alijisemea, akaenda kuangalia maharage.

Kilichomkera kuliko vyote ni filimbi ya Mwalimu. Obeti aliivaa shingoni usiku na mchana. Sheria yake ilikuwa moja: ukiisikia ikilia mara tatu, acha unachofanya, uikimbilie. Aliwazoeza kila asubuhi, wakubwa kwa wadogo, wakija mbio na kujipanga mstari huku yeye akitabasamu. Zoezi lingine alilolipenda ni la kushikana mikono na kupita kwenye nyasi mstari mzima, kutafuta kofia aliyoificha mwenyewe. Madina aliwatazama akasonya. Vijana wazima, wanatafuta kofia!

Mchana mmoja, akimenya muhogo na wasichana, alishindwa kuuzuia ulimi.

"Sikieni mimi," aliwaambia. "Hii firimbi ya Mwalimu ni mchezo ya watoto. Wakati ya vita, mutu nasikia firimbi kwa pori, nalala chini. Hapana jibu. Asikari nakuita, 'Tokeni, sisi ni ndugu,' na mutu natoka, nakufa. Hata kama ni sauti ya mama yako, hapana jibu."

Wasichana wakacheka, wakamwomba awaigizie Mwalimu anavyopuliza, naye akawaigizia, mashavu yakivimba. Mmoja tu hakucheka. Huyo alikuwa Poni, mtoto wa watu wa Abuku, aliyezaliwa ukimbizini. Nyumbani kwao mambo hayo hayakuwa hadithi ya kuchekesha. Alimtazama Madina kwa heshima, kisu kimemganda mkononi. Madina aliona heshima ile, akaifurahia, maana kwa Obeti wasichana walitii tu.

Siku iliyofuata wanafunzi walitumwa wawili wawili kutoka kijitoni hadi kambini kwa dira. Aliyepangiwa kwenda na Poni alifika peke yake, akihema. Walikuwa wamebishana njia, wakaachana kwenye nyasi ndefu. Obeti akapuliza mara tatu. Wote waliokuwa bado njiani wakaja mbio. Poni hakuja. Akapuliza tena, na tena, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Ilikuwa kiangazi, nyasi zimekauka, na kiangazi ndio wakati wa watu wa huko kuchoma pori ili wanyama watoke. Upande wa machweo moshi ukaanza kupanda. Wawindaji walikuwa wameshawasha, na upepo ulikuwa ukija huku.

Hapo ndipo Madina alipoelewa. Mdomo huponza kichwa, wazee walisema. Hawakusema kichwa cha nani.

"Mwalimu, wacha firimbi," akasema. "Kila wewe napuliza, yeye nalala zaidi."

"Kwa nini?"

"Mimi nafundisha yeye."

Obeti alimtazama. Kama angemtukana, ingekuwa nafuu. Alimtuma kijana mwenye mbio akawaombe wawindaji wauzime moto kwa kuupiga na matawi, kisha akawapanga wengine wote washikane mikono, mstari mmoja, kama kwenye lile zoezi la kofia. Wakaingia kwenye nyasi. Madina naye aliingia, mkono wake umeshikwa na mkufunzi aliyemdharau, akapiga kelele kwa sauti yote aliyopewa na Mungu.

"Poni! Simama! Ni mimi, Mama Madina! Simama, mtoto yangu!"

Nyasi zilikuwa kimya. Moshi ukawaingia machoni, na mlio wa moto, ule wa nyasi kupasuka, ukasikika karibu. Wadogo wakaanza kulia. Obeti akawaamuru warudi kambini na yule aliyeachana na Poni, wakubwa wakaziba nafasi zao, mstari ukaendelea. Kisha Obeti akajikwaa. Alikuwa amekanyaga mguu wa mtu.

Poni alikuwa amelala kifudifudi, uso ndani ya majani, vidole vimekamata ardhi. Obeti alimnyanyua, akamtupa begani, wote wakakimbilia kijitoni. Kofia ya turubai ilibaki nyuma ikaungua.

Walipomlaza kando ya maji, mtoto alikohoa, akafuta macho, akamtafuta Madina kati ya watu. Alikuwa akitabasamu.

"Mama, mimi nasikia wewe," alisema. "Nasikia vizuri sana. Wewe naita, naita, na mimi hapana jibu hata kidogo."

Alikuwa akingoja kusifiwa.

Madina alikaa chini kwenye tope. Lipo jambo ambalo hakuwasimulia wasichana siku ile ya muhogo. Mwaka ule wa vita, akiwa amejificha kwenye mtama, aliitwa kwa jina lake na sauti ya mama yake, muda mrefu, na hakujibu. Ilikuwa kweli mama yake. Mama alikata tamaa, akafuata watu waliokuwa wakienda upande wa Zaire, akazikwa kule. Madina alijua hilo miaka yote, na miaka yote alitangaza kwamba kutojibu ni ujanja. Sasa alilia mbele ya wanafunzi, kamasi zikitoka, bila kujali nani anamwona.

Madina hakumpenda Obeti hata baada ya siku hiyo; Obeti akija na buti nyingine za kuchekesha, Madina bado alisonya. Lakini likizo iliyofuata alikwenda kwake, akanyoosha mkono, akasema, "Nipe firimbi." Akaivaa yeye. Na kabla ya mahema, kabla ya chakula, aliwalaza wasichana wote kwenye nyasi, akapuliza, kisha akamwita kila mmoja kwa jina, na hakuna aliyeruhusiwa kula mpaka asimame na kuitikia kwa sauti ya kufika ng'ambo ya kijito.