Isidori na Bastola Zilizokataa Kufa

Wanaodhani bastola huisha kwa kupigwa risasi nyingi hawajamwona mkubwa wa kambi yetu. Yule aliimaliza yake kwa kuivaa.

Kambi ilikuwa nje kidogo ya Musoma. Mimi nilikuwa karani. Isidori Burito wa Kiriba, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, alikuwa fundi wa silaha, sajini mwenye vidole vyeusi ambavyo sabuni ilishavikatia tamaa. Ghalani kwake kulikuwa na bastola za aina tatu: rivolva zilizoachwa na Mwingereza, za Kichina zilizokuja baada ya uhuru, na mbili mpya za Ulaya. Moja ya hizo mpya ilibaki ghalani. Ya pili alipewa Meja Renatus, mkubwa wetu, akaitia kwenye mfuko wa ngozi kiunoni, akawa anapita nayo mbele ya wake za watu kama jogoo aliyenunuliwa juzi.

"Afande, ngozi inanyonyaga jasho na unyevu wa ziwa," Isidori alimwambia. "Chuma kinaoza humo ndani. Na magazini usiiachage imejaa risasi, springi inachoka. Uniletee kila wiki niisafishe."

Meja akamjibu kwamba bastola ya kisasa haihitaji kupapaswa na mvuvi.

Haya, mvuvi akaendelea na zake. Miaka ya themanini dukani hakukuwa na hata kiberiti, na mafuta ya silaha tuliyasikia kwa jina tu. Isidori alikuwa anapanda basi mpaka Nyamuswa kwa fundi cherehani mmoja, anamwomba chupa ya mafuta ya cherehani, anampa samaki wakavu. Bastola zake alizipangusa kwa vipande vya khanga za mkewe, Hyasinta. Springi ikichoka, alichomoa nyingine kwenye bastola iliyovunjika. Hakuna aliyemtuma, wala aliyemwambia ahsante. Tulimcheka, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Kisha ikaja ruksa ya biashara, maduka yakajaa, na nyuma ya ruksa ikaja kupunguza watu kazini. Mwaka wa tisini na mbili wakafika maofisa wawili kutoka Dar, suruali zimenyooka, kuamua kama bastola za zamani zitupwe. Zikitupwa, karakana inafungwa, na Isidori anarudi Kiriba akiwa na miaka arobaini na saba, watoto watano, na ufundi ambao kijijini hauna mteja. Alilijua hilo. Wiki nzima hakula vizuri.

Majaribio yalifanyika asubuhi, kila bastola risasi hamsini. Rivolva ya Mwingereza, iliyomzidi Isidori umri, ilimaliza zote bila kukohoa. Ng'ombe hazeeki maini, askari wakasema. Ya Kichina ilikuwa imelegea, ukiitikisa inagongana ndani, lakini nayo ikamaliza. Ile mpya ya ghalani ikamaliza pia. Ikaja zamu ya Meja. Alichomoa yake kwa madaha, akapiga mbili, ya tatu ikakwama. Akavuta, akagonga, akatukana.

"Risasi mbovu hizi!"

"Afande, zimetoka boksi moja na za pacha yake," Isidori alisema taratibu.

Walipoifungua, kutu ilikuwa imejaa ndani, nyekundu kama ugoro. Nilifurahi, sifichi. Meja alisimama pale na mfuko wake wa ngozi mtupu, hana pa kuweka mikono. Isidori alitabasamu kwa mara ya kwanza mwezi ule, akaenda nyumbani kumwambia mkewe achinje kuku.

Siku tisa baadaye uamuzi ukafika, na barua ya kumpa Isidori nikaipiga taipu mimi mwenyewe. Ilisema bastola za zamani zimethibitika kuwa imara na zitatumika miaka kumi na tano zaidi bila matengenezo. Kwa sababu hiyo, nafasi ya fundi wa silaha imefutwa. Mstari wa mwisho ulisema Meja apewe bastola nyingine mpya.

Nilimpelekea nyumbani kwake. Aliisoma amesimama, akairudia, kisha akamsomea mkewe kwa sauti. Hyasinta alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba Jenoveva," akasema, "ungeziachaga zioze kama ya Meja, saa hizi ungekuwa umepewa cheo."