Mgombea wa Mugeta

Nakumbuka asubuhi moja hapa Mugeta, mwanangu, matokeo ya udiwani yamebandikwa ukutani shuleni na jina langu liko chini kabisa. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kugombea. Nilirudi nyumbani, nikajifunika khanga mchana kweupe, nikasema siasa basi.

Siasa yenyewe nilianzia kiwandani, Bunda, tulikokuwa vibarua wa kuchambua pamba. Mwenzetu Magesa alikatwa vidole na mashine, na tajiri akamwambia arudi kwao akapumzike. Kumfukuza mtu kwa maneno matamu, ndiko huko. Tukakaa juu ya marobota, hakuna aliyegusa kazi. Magesa mwenyewe, mkono umefungwa matambara, akatutania: "Si mnaona? Kidole kimoja hakivunji chawa." Tajiri akasalimu amri: Magesa akatibiwa, akapewa kazi ya getini. Mimi niliyeongoza mgomo nikafukuzwa, na hapo ndipo nikaingia siasa, mjamaa hadi leo.

Basi siku ile ya khanga, mama mkwe wangu alikuwa anapepeta mtama uani. Pole hakunipa.

"Bhoke, ulikuwaga unatuambia mashine zinakata watu vidole. Uchaguzi umepita, zimeacha kukata?"

"Hapana, mama."

"Sasa umelalia nini? Inuka."

Niliinuka. Nikagombea tena, na tena, kila uchaguzi. Chama chetu kilikuwa kidogo, hata kipaza sauti hatuna. Nilihutubia juu ya mkokoteni wa ng'ombe, nikisema jasho la mmoja lisimnenepeshe mwingine. Watu walinipigia makofi, kisha wakampigia kura mwingine. Lakini kibarua akidhulumiwa, au mjane akinyang'anywa shamba, mlango waliougonga ulikuwa wangu. Tulikwenda pamoja ofisini hadi tusikilizwe.

Mwaka mmoja homa ilinilaza hospitali Musoma. Nyumbani pamba yangu ilikuwa imepasuka, tayari kuvunwa, na mvua isiyo ya msimu imetanda. Nililala pale nikijua mwaka wangu umekwisha. Niliporudi, shambani hakukuwa na pamba hata moja. Ilikuwa chumbani, kavu, imejaa hadi dirishani. Kitongoji kizima kilikuwa kimeivuna, na diwani aliyenishinda alikuwa bado uani kwangu, anaokota vipande vya majani kwenye pamba.

"Mama," akasema, "kura sitakupa. Lakini mikono ninayo."

Nikamuuliza jirani yangu Nyangeta, kama mnanipenda hivi, mbona hamnichagui? Akanijibu bila haya: "Tukikuchagua utakaa kwenye vikao. Huku atatusemea nani?"

Nilicheka, machozi yakanitoka. Nimemshukuru Mungu kwa jibu lile mpaka leo, kwani wapo walioshinda viti ambao hakuna anayewavunia.

Kwa hiyo, mwanangu, haki usiipime kwa kura. Ukishindwa, mpe mkono aliyekushinda, kisha rudi kwa watu wale wale, kwenye shida ile ile uliyoiacha jana. Mvumilivu hula mbivu, husema wahenga; nyingine watazila wajukuu, na hizo pia ni zako. Mungu akupe kifua cha kushindwa bila chuki, akuzungushie majirani kama hawa wangu, na mikono yako isikose wa kuishika. Amina.